Etere na Damu ya Farasi: Namna Munganga wa Nyama Anavyotafuta Kitu Kilichofichwa

Ninyi wenye nyumba, tazameni chungu cha mboga kilichotiwa mawese. Mama akitia chumvi, chumvi inakwenda ndani ya maji. Akitia pilipili, ukali wake mwingi unakwenda ndani ya mafuta. Mafuta yanakaa juu, maji yanakaa chini, na kila kimoja kimechagua kitu chake. Mkilijua jambo hili, mmekwisha kujua nusu ya kazi ya munganga wa nyama anapopima damu, mkojo, mate au tumbo la farasi.

Wengi wenu hamna farasi. Nzi tsetse amekataza farasi kukaa mahali pengi pa Katanga, maana ugonjwa anaouleta huwaua. Lakini njia ya kupima ni moja kwa farasi na punda, kwa ngombe na mbuzi. Tena nyama akifa gafula mugini, watu hawaulizi kwanza ugonjwa. Wanauliza: Nani ametia sumu? Kwa sababu hiyo somo hili ni la kila mtu.

Etere ni nini? Ni maji maji meupe kabisa, yenye harufu kali na tamu, yanayofanywa kwa pombe kali pamoja na asidi ya sulfuri, asidi ile ile inayotumiwa katika viwanda vya shaba. Litri moja ya maji ina uzito wa kilo moja, lakini litri moja ya etere ina gramu 710 hivi tu. Basi ukitia etere na maji ndani ya chupa moja, ukatikisa, ukangoja kidogo, etere inapanda juu kama mawese. Tofauti ni hii: mawese yakishika kitu, ni taabu kukitoa tena. Etere yenyewe inaruka hewani upesi, na kitu ilichokishika kinabaki peke yake katika kisahani. Ndiyo maana watu wa laboratori wanaipenda.

Sasa sikieni habari ya mtu wa Ubelgiji, jina lake Jean Servais Stas. Mwezi wa Novemba 1850, katika nyumba kubwa ya Bitremont, kijana Gustave Fougnies alikufa gafula. Shemeji yake, bwana mkubwa wa Bocarmé, alikuwa ametengeneza nikotini, sumu ya tumbako. Kinywani mwa maiti na mwilini mlimiminwa siki ili kuficha mambo. Viungo vya maiti vikapelekwa kwa Stas, Brussels. Wakati ule watu waliijua sumu ya arseniki namna ya kuipata katika maiti, lakini sumu ya majani hawakuweza. Ilipotea ndani ya nyama na damu.

Stas alifanya nini? Alijua kwamba sumu za namna hii, zinazoitwa alkaloidi, zina tabia mbili. Zikiwa pamoja na kitu kichungu kama siki au limau, zinakaa ndani ya maji na kuikataa etere. Zikitiwa potasa, nguvu ile iliyo katika maji ya majivu, zinayaacha maji na kuifuata etere. Akaosha, akachuja, akatia potasa, na harufu ya tumbako ikatoka. Akatia etere, akatikisa, akaitoa ile ya juu, akaiacha iruke. Katika kisahani yakabaki matone ya mafuta: nikotini. Bocarmé alikatwa kichwa mjini Mons mwaka 1851. Siki aliyoimwaga ili kujificha haikumsaidia. Kwa kweli iliishika nikotini ndani ya maji isipotee, ikamngojea Stas.

Njia hiyo ya kupindua maji, mara asidi, mara potasa, haikuachwa tena. Mwaka 1910 huko Vienna, katika nchi ya Austria, walianza kupima mate ya farasi wa mashindano, kwa kuwa watu wabaya waliwapa alkaloidi ili wakimbie kupita nguvu zao. Hata leo mkojo wa farasi unapimwa katika nchi nyingi. Masini mpya zinaweza kupima uzito wa chembe ndogo kabisa, lakini mara nyingi kazi ya kwanza ingali ni kutikisa mkojo pamoja na maji maji yasiyochanganyika nao. Wengi wameiacha etere ya zamani, wanatumia ndugu yake inayoitwa metili-tertia-butili-etere, ambayo inachemka kwa digrii 55 na haileti hatari kubwa kama ile.

Etere inavuta mafuta pia, si sumu tu. Hapa kuna jambo ambalo mwenye punda anaweza kuliona kwa macho yake. Munganga akitoa damu ya farasi katika chupa nyembamba na kuisimamisha, chembe nyekundu zinashuka upesi kuliko za nyama wengi. Juu yanabaki maji ya njano. Msiogope rangi ya njano. Farasi mzima ndivyo alivyo, na akikosa chakula inazidi. Lakini kama maji hayo ni meupe kama maziwa, kuna hatari. Munganga akitia etere, akatikisa, na weupe ukaondoka, amejua kwamba weupe ule ni mafuta yaliyojaa katika damu.

Yanatoka wapi? Punda jike mnene, hasa mwenye mimba au anayenyonyesha, akikataa kula au akinyimwa chakula, mwili wake unayeyusha mafuta yake mwenyewe na kuyamwaga katika damu, mengi kuliko ini linavyoweza kuyatumia. Ini linajaa mafuta, naye anakufa. Farasi wadogo wanapatwa vilevile. Basi msimfungie punda mnene mwenye mimba bila chakula mkisema, Apungue. Na akikaa siku nzima bila kugusa majani, mwiteni munganga siku ile ile. Kungoja kesho kutwa ni kumwua.

Mtu asitafute etere kwenda kuijaribu nyumbani. Inachemka kwa digrii 34 na nusu pwani, na Lubumbashi, ambako tuko juu metri 1200 hivi, inachemka kwa joto dogo zaidi. Mchana wa mwezi wa Oktoba unatosha. Mvuke wake hauonekani, ni mzito kuliko hewa mara 2 na nusu, unatambaa chini kama maji, unaifuata mbabula iliyo mbali, kisha moto unarudi kwenye chupa. Na etere ya zamani iliyokaa katika chupa iliyofunguliwa inafanya peroksidi, kitu kinachopasuka. Ninyi mnaokaa karibu na migodi mnajua baruti; msiguse chupa ya namna hiyo hata kufungua kizibo. Mwambieni munganga.

Kazi yenu ni nyingine, na bila hiyo kazi ya laboratori ni bure. Nyama akifa na mnaogopa sumu, msimpasue ninyi wenyewe. Pengine ni kimeta, nacho kinaua watu. Mfunikeni, fukuzeni mbwa, mtume habari upesi. Munganga akiwaomba chupa, mpeni chupa mpya. Chupa iliyokuwa na tumbako au kahawa, hata ikioshwa, inaweza kusema uwongo, na uwongo huo unaweza kumfunga jirani asiye na kosa. Mwenye kushika tumbako anawe mikono kwanza. Sehemu ya tumbo na sehemu ya ini zisiwekwe chupa moja. Andikeni juu ya kila chupa siku, saa na jina la mwenye nyama, na wazee wawili watazame inapofungwa.

Tena mwelezeni munganga nyama alikunywa maji wapi. Etere haivuti kila kitu. Risasi, arseniki na shaba hazimo katika matone ya Stas. Zinatafutwa kwa njia nyingine. Kama alikunywa katika mto unaopita chini ya kiwanda, au alilamba udongo wa machimbo, semeni waziwazi, na chukueni chupa moja ya maji yale pia.