Kuvimba Miguu kwa Mama Mja Mzito

Wanawake wengi wa Kibera na Kawangware hupata riziki yao kwa kusimama. Huyu huuza mboga kando ya njia tangu alfajiri mpaka taa ziwashwe. Yule hutoka Kawangware kwa miguu kwenda Lavington kufua nguo za watu. Mwingine hupandisha mtungi wa maji wa lita 20 katika vichochoro vya Kibera. Mimba ifikapo mwezi wa saba au wa nane, jioni mama huona kwamba ndara zinambana, na akibonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu hubaki kishimo. Hapo majirani huanza kupiga ramli. Mmoja husema ni mtoto mkubwa, wa pili husema ni mapacha, wa tatu husema hiyo ni hali ya kila mja mzito, naye asihangaike. Huyu wa mwisho husema kweli mara nyingi, na kwa sababu hiyo maneno yake ni ya hatari kuliko ya wenziwe.

Yafaa kwanza ijulikane uvimbe huo watoka wapi. Damu ya mwanamke mwenye mimba huongezeka, na siku za kuzaa zikaribiapo huwa imezidi kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo kwanza. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni maji. Tena tumbo la uzazi likiisha kuwa zito hugandamiza mshipa mkubwa urudishao damu kutoka miguuni kwenda moyoni. Damu hukawia miguuni, na maji yake huchuja na kuingia katika nyama. Ndiyo maana uvimbe wa kawaida huwa katika miguu yote miwili, huzidi jioni na wakati wa joto, na asubuhi hupungua.

Uvimbe wa namna hii hutulizwa nyumbani. Mshipa ule mkubwa umepita upande wa kulia wa uti wa mgongo, kwa hiyo mama alalaye kwa ubavu wa kushoto huupunguzia mzigo. Apatapo nafasi mchana na ajilaze, miguu ikiwa juu ya mito au blanketi lililokunjwa. Muuza mboga aweza kuketi na kuweka miguu juu ya kreti la soda, akizungusha vifundo vyake na kukunja vidole mara kwa mara, kwa maana misuli ya mguu ndiyo isukumayo damu kwenda juu. Viatu viwe vipana, na pete ivuliwe kabla haijakwama. Maji ya kunywa yasipunguzwe hata kidogo.

Vidonge vya kukojoza visinunuliwe dukani. Zamani, katika miaka ya 1950 na 1960, waganga wengi wa Ulaya na Marekani waliwapa waja wazito dawa hizo na kuwakataza chumvi, wakidhani watazuia maradhi. Baadaye ilidhihirika kwamba hazikuyazuia. Na wale wapendao kutafuna odowa, yale mawe laini yauzwayo sokoni, yafaa wapimwe damu, maana tamaa ya kula mawe mara nyingi hufuatana na upungufu wa damu, na upungufu ukizidi sana nao huvimbisha mwili.

Sasa juu ya hatari yenyewe. Baada ya wiki ya 20 ya mimba, baadhi ya wanawake hupatwa na maradhi yaanzayo katika kondo la nyuma. Presha hupanda kufikia 140 kwa 90 au zaidi, na mara nyingi protini huonekana katika mkojo. Yasipotibiwa yaweza kuleta kifafa cha mimba, ambacho huweza kumwua mama na mtoto pamoja. Vitabu vya zamani vilihesabu uvimbe kuwa dalili mojawapo ya maradhi haya. Waganga wa leo wameuondoa katika hesabu hiyo, kwa kuwa wanawake wazima wengi huvimba, na wako wapatao kifafa bila kuvimba. Kwa hiyo hakuna jicho, hata la mkunga mzee, liwezalo kuamua kwa kutazama miguu tu. Kipimo cha presha na cha mkojo ndivyo viamuavyo, na kuvipima hakuchukui muda mrefu.

Ziko dalili ambazo hazingoji siku ya kliniki: uso au mikono kuvimba ghafula, kichwa kuuma bila kutulia, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, pumzi kuwa fupi. Mguu mmoja tu ukivimba, ukawa na joto na maumivu, huenda damu imeganda ndani ya mshipa; usikandwe, mama apelekwe hospitali mara moja.

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mja mzito aonwe na wahudumu mara 8 walau. Wakazi wa Kawangware wana kituo cha afya cha Riruta, na wa Kibera wana Hospitali ya Mbagathi karibu nao. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iligawa vifaa, pamoja na vipimo vya presha, kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wapitao nyumba kwa nyumba. Kwa kuwa gari haliwezi kuingia vichochoro vingi, baba na majirani wapatane mapema ni nani atakayemsindikiza mama usiku mpaka barabarani, na ni dereva gani atakayeitwa. Kitabu cha kliniki kisiachwe nyuma.

Hospitalini iko dawa ya sindano, magnesiamu salfeti. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, ambao uliwahusu wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya kifafa kwa nusu. Lakini maradhi yenyewe hayaanzi kuondoka mpaka mtoto na kondo vitoke, na hata hapo presha yaweza kupanda tena katika wiki 6 za kwanza. Miguu nayo huenda ikavimba zaidi siku chache baada ya kuzaa, kisha maji hutoka kwa mkojo na jasho, na kwa kawaida ndara humwenea mama tena baada ya wiki moja au mbili.