Darasa la Ramadhani, siku ya 12: Nyumba ya jirani ikitangazwa mnada



Ndugu zangu, wazee wangu, mama zangu. Swali la leo limeletwa na zaidi ya mtu mmoja. Tangazo limebandikwa: nyumba ya fulani, iwe Kihesa, Mtwivila au Ipogolo, inapigwa mnada kwa deni la benki. Watu wanasema itaondoka kwa bei ya chee. Je, Muislamu aliyejaliwa fedha anaruhusiwa kwenda kuinunua? Na akiinunua, machozi ya wenye nyumba yako shingoni mwake?

Jibu la ndiyo au hapana halitoshi. Twende hatua kwa hatua.

*1. Mnada wenyewe si haramu*

Imepokewa kwa Abu Daud na Tirmidhi kwamba Ansari mmoja maskini alimjia Mtume (s.a.w.) kuomba. Akaulizwa ana nini nyumbani. Alikuwa na tandiko na chombo cha kunywea tu. Mtume akavinadi mbele ya watu. Wa kwanza akatoa dirham moja, Mtume akauliza nani anaongeza, mwingine akatoa mbili. Zile mbili akapewa mwenye mali: moja ya chakula cha nyumbani, moja ya kununulia shoka akakate kuni.

Tazameni hapo vizuri. Mnada ule ulimnyanyua mnyonge. Kunadi maana yake ni kupandisha bei kwa faida ya mwenye mali. Sisi leo tukisikia neno mnada tunawaza bei ya kutupa. Maana imegeuka kichwa chini miguu juu.

*2. Deni ni haki ya watu*

Tusimwonee huruma mdaiwa mpaka tukasahau mdai. Mwenye uwezo anayezungusha kulipa amedhulumu, hilo limo katika Bukhari na Muslim. Na rehani ipo katika dini yetu. Mtume mwenyewe (s.a.w.) aliweka deraya yake rehani kwa Myahudi ili apate shayiri ya familia yake.

Nyumba iliyowekwa rehani ikiuzwa ili deni lilipwe, wanazuoni wengi wanaona mauzo hayo yanasihi hata kama mwenyewe hapendi, kwa sababu amelazimishwa kwa haki. Katika madhehebu yetu ya Shafi, hata nyumba anayoishi aliyefilisika huuzwa kulipa wadai. Wenzetu wa Hanbali wao wanamwachia nyumba asiyoweza kuishi bila hiyo. Lakini wote wanakubaliana kwamba rehani haimezwi na mdai. Akishachukua haki yake, kinachobaki ni cha mwenye nyumba. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inasema vivyo hivyo: ziada anarudishiwa aliyekopa.

*3. Na riba je?*

Hapa ndipo penye uzito. Deni kubwa la nyumba hizi limebeba riba, na wanazuoni wa zama zetu wametofautiana. Wapo wanaosema usiinunue kabisa, maana unakamilisha dhulma. Wapo wanaosema kiini cha deni ni haki ya kweli, na nyumba ikiuzwa kwa utaratibu halali, mnunuzi hana kosa. Mimi sikuharamishii. Lakini nakuambia usiende na roho nyepesi. Na usikope kwa riba ili ununue nyumba ya mtu aliyeangushwa na riba. Hapo hata aibu imekwisha.

*4. Ukitaka kununua, kagua haya*

Wengine wanadhani kumkagua muuzaji wa mnada ni kazi bure kwa vile serikali iko nyuma yake. Sivyo.

▪️ *Taarifa kwa mdaiwa.* Mkopeshaji anatakiwa ampe aliyeshindwa kulipa notisi ya siku 60 kabla ya kuuza. Baada ya hapo mnada wa ardhi au nyumba unatangazwa hadharani kwa siku zisizopungua 14. Ukiona tangazo la Jumatatu na mnada Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, kaa mbali.

▪️ *Mke au mume.* Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Kuna wanaume wanakopa kimya kimya, mke anajua siku dalali anagonga geti. Uliza kama alisaini.

▪️ *Mirathi.* Huku kwetu nyumba nyingi bado ni za marehemu. Baba amefariki, warithi hawajagawana, mtoto mmoja ameshika karatasi na kwenda kukopea. Dada zake wana haki humo. Mtume (s.a.w.) ameonya kwamba anayechukua shibiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Shibiri moja! Wewe unachukua kiwanja kizima.

▪️ *Kesi.* Nenda ofisi ya ardhi ukapekue hati. Muulize mwenyekiti wa mtaa. Kama kuna zuio la mahakama, usinunue ugomvi.

▪️ *Bei.* Sheria inamtaka mkopeshaji atafute bei bora inayoweza kupatikana wakati huo. Bei ikiwa chini ya ile ya soko kwa robo au zaidi, inachukuliwa kwamba wajibu huo umevunjwa hadi ithibitishwe vingine, na mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani kuomba mauzo yafutwe. Kwa hiyo ile bei ya chee unayoikimbilia inaweza kuwa ndiyo mlango wa kesi.

Ni kweli sheria inamlinda mnunuzi mwenye nia safi. Lakini haimlindi aliyejua udanganyifu akanyamaza. Na kwa Allah, alichojua moyo wako hakihitaji shahidi.

*5. Dhambi mbili za uwanja wa mnada*

Ya kwanza inaitwa *najshi*: mtu hana haja ya kununua, anapandisha dau tu ili mwingine aumie. Mtume ameikataza waziwazi.

Ya pili ni kinyume chake, na watu hawaioni kuwa dhambi. Wanunuzi wanakaa pembeni kabla ya mnada, wanakubaliana: wewe taja bei, sisi tutanyamaza, baadaye utatutoa. Nyundo inagongwa, nyumba imekwenda kwa nusu. Hiyo si bahati wala ujanja wa biashara. Mmemuibia mtu mbele ya watu, tena mkiwa mmefunga.

*6. Kuna njia bora kuliko mnada*

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Nyumba thamani yake sokoni ni milioni 60. Deni limebaki milioni 25. Mnadani ikaenda kwa milioni 30. Toa deni, toa gharama za dalali, familia inaondoka na kitu kisichofika milioni 5. Sasa wewe mwenye fedha, ungemfuata jirani yako mapema ukampa milioni 55, malipo yakapitia benki, deni likafutwa na hati ikatoka. Wewe umepata nyumba chini ya bei ya soko. Yeye amebaki na milioni 30 mkononi, anaweza kununua kiwanja na kuanza msingi upya. Na ameuza kwa ridhaa yake, jambo ambalo Suratun Nisaa aya ya 29 imelifanya msingi wa biashara.

Mdaiwa ana haki ya kulipa na kuikomboa nyumba yake kabla haijauzwa. Kwa hiyo na wewe unayedaiwa, usijifungie ndani ukizima simu. Nenda benki, omba upangiwe upya. Ikishindikana, tafuta mnunuzi mwenyewe. Aibu ya kusema ni ndogo kuliko aibu ya kutolewa vyombo nje.

*7. Na sisi msikiti tulikuwa wapi?*

Imepokewa na Muslim kwamba zama za Mtume (s.a.w.) kulikuwa na mtu aliyenunua matunda, yakapatwa na maafa, madeni yakamzidi. Jambo la kwanza Mtume aliwaamuru watu wamtolee sadaka. Wakatoa, lakini haikufikia deni. Hapo ndipo akawaambia wadai wachukue walichokikuta, na hawana zaidi ya hicho.

Angalieni mpangilio. Sadaka ya jamaa imetangulia, mali kuchukuliwa kumefuata. Sisi tumeanzia mwisho. Siku 60 za notisi na siku 14 za tangazo ni zaidi ya miezi miwili. Ijumaa nane au zaidi zinapita, mtu tunaswali naye safu moja, na hakuna aliyemuuliza anaendeleaje. Tunakutana siku ya nyundo, tena tukiwa wanunuzi.

Suratut Tawba aya ya 60 imewataja wenye madeni miongoni mwa watu wanane wanaostahiki zaka. Aliyeingia katika riba atubie kwanza, kisha asaidiwe atoke. Na Suratul Baqara, baada tu ya aya za riba, aya ya 280 inatuamuru tumpe muda aliye katika dhiki, na kumsamehe kabisa ni bora zaidi.

Ukishanunua, huruma haijaisha. Sheria inaweza kukupa nyumba leo. Lakini mvua inanyesha, watoto wako shule, watu wamefunga. Wape mwezi, wape hata baada ya Idi. Muda ule unaowapa unaandikwa kwako.

*Kazi ya leo:*

✅ Kabla ya futari, mpigie simu mtu mmoja unayejua amebanwa na deni. Usimhoji, msikilize.
✅ Kama unamdai mtu na hali yake ni ngumu, muongezee muda leo hii.
✅ Unayetoa zaka mwezi huu, tenga fungu la wenye madeni na ulikabidhi kwa kamati.
✅ Unayedaiwa na una notisi mkononi, njoo uniambie baada ya tarawehe. Itabaki kati yetu.

Ewe Mola, tutoshelezee kwa halali yako tusihitaji haramu, walipie wenye madeni madeni yao, na usitufanye watu wa kufurahia maanguko ya jirani zetu. Aamin.

Mfikishie na mwenzio. Kesho inshaallah tutaendelea na adabu za kuandikiana mkopo. Wabillahi tawfiq.