BAISKELI, MWALIMU WANGU WA PILI

Mpenzi msomaji, mimi naishi Ndera, kando ya Mto Tana. Magoti yangu bado yana makovu. Makovu hayo ndiyo chanzo cha somo hili. Tafadhali tulia nikusimulie, kwani wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mwaka jana, nikiwa Kidato cha Pili, tulipewa insha kuhusu safari ya baiskeli. Nilifurahi mno. Baiskeli si naijua! Nikaandika mbio mbio: "Nilidraivu baiski, hendo ikabendi, cheni ikatoka, nikaanguka bwaa!" Karatasi iliporudi ilikuwa nyekundu kama jogoo aliyechinjwa. Alama sita kwa ishirini. Chini yake mwalimu aliandika: "Kijana, baiskeli hii uliiendesha kweli, au ulisimuliwa?"

Jamani, niliona haya. Nyumbani kwetu ipo baiskeli ya baba, ile nzito nyeusi ambayo Wakenya wengi huiita Black Mamba. Nimeipanda tangu miguu yangu haijafika kwenye pedali. Kumbe kuipanda nilijua, lakini kuitaja sikujua. Basi nikaazimia kurudi shuleni upya, na shule yenyewe ikawa chini ya mwembe wa fundi baiskeli.

MANENO YA CHINI YA MWEMBE

Fundi huyo ni mzee wa makamo ya babu yangu. Ujanani alifanya kazi kwenye majahazi kule Kipini, mahali ambapo Mto Tana humwaga maji yake baharini. Siku ya kwanza nilimkuta amepindua baiskeli ya mtu, magurudumu yakitazama mbinguni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umepata pancha?"

"La, babu. Nimepata alama sita kwa ishirini."

Alicheka hadi bisibisi ikamponyoka. Nilipomweleza, alishika kile chuma cha mbele nilichokiita hendo. "Huu ni usukani," akasema. "Nimeushika baharini kabla sijaushika barabarani. Chombo hakina usukani, kitafika wapi?"

Hapo ndipo macho yangu yalipofunguka. Neno usukani lilitujia kutoka Kiarabu, nalo lilikuwa la vyombo vya majini. Baiskeli ilipofika pwani, watu hawakuhangaika kutafuta neno jipya. Waliazima la baharini. Vivyo hivyo kile kiti cha ngozi. Babu alikiita tandiko. Nikauliza kwa nini. "Kwani punda unamtandika nini mgongoni?" Kumbe! Tandiko limetokana na kitenzi tandika. Na kile kipande kinachobandikwa penye tundu ni kiraka, sawasawa na kiraka cha suruali yangu ya shule.

Kwa hivyo, msomaji, baiskeli moja imebeba bahari, punda na nguo kuukuu. Maneno mengine yametoholewa kutoka Kiingereza: baiskeli yenyewe, breki, tairi, pampu, pedali na pancha. Hakuna aibu kuazima. Aibu ni kuliacha neno lako likiota kutu na kukimbilia la jirani.

Haya basi, chukua kalamu unakili pamoja na ngeli zake:

Baiskeli (I-ZI): Baiskeli imeharibika. Baiskeli zimeharibika.
Usukani (U-ZI): Usukani umepinda. Sukani zimepinda.
Gurudumu (LI-YA): Gurudumu limelegea. Magurudumu yamelegea.
Mnyororo (U-I): Mnyororo umekatika. Minyororo imekatika.
Tandiko (LI-YA): Tandiko limechanika. Matandiko yamechanika.
Kiraka (KI-VI): Kiraka kimebanduka. Viraka vimebanduka.
Kengele (I-ZI): Kengele inalia. Kengele zinalia.

KUPANDA, KUENDESHA NA KUSUKUMA

Vitenzi navyo vina mambo. Kitenzi enda kikiingia katika kauli ya kutendesha huwa endesha. Maana yake ni kwamba baiskeli haiendi yenyewe. Ni mimi niifanyaye iende. Panda nalo lina maana zaidi ya moja. Baba hupanda migomba, tumbili hupanda mwembe, nami napanda baiskeli. Ukisema tu "baba anapanda," mwenzako atakuuliza: anapanda nini?

Wakati wa masika somo hili hugeuka. Udongo wetu mweusi wa kando ya mto hunata kama ugali mbichi. Hujaa katikati ya gurudumu na uma wake mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Hapo huna budi kuibeba baiskeli begani. Siku hiyo, husemi "nilipanda baiskeli." Unasema "nilipandwa na baiskeli." Hiyo ndiyo kauli ya kutendwa, na ukiionja mara moja hutaisahau kwenye mtihani.

Babu aliniongezea hata historia kidogo, nami nikaenda kuikamilisha kwenye vitabu. Mwaka 1817 Mjerumani Karl von Drais alionyesha chombo cha magurudumu mawili kisichokuwa na pedali. Mtu alisukuma kwa miguu. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Uingereza alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo nyanya yake hii yetu nyeusi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapewa hataza ya tairi la kujazwa upepo huko Belfast. Bila yeye tungekuwa tukirukaruka kama mahindi kikaangoni.

Hapa kwetu Afrika Mashariki nasi tulizaa neno letu. Kule Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, waendesha baiskeli wa miaka ya 1960 walikuwa wakibeba abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Neno la Kiingereza la mpaka likawa boda, likarudiwa mara mbili, likawa bodaboda. Leo bodaboda nyingi ni pikipiki, lakini mama wa neno ni baiskeli.

RAHA YA KWENDA BILA KUTUMWA

Baada ya masomo hayo nilianza desturi mpya. Kila Jumamosi, kabla ya kazi za shamba, naomba baiskeli ya baba na kwenda matembezi. Sitoki gizani, kwa maana viboko hupanda usiku kula nyasi, na mwenye akili hashindani nao njia. Natoka jua likichomoza.

Raha zenyewe ni ndogo ndogo, lakini ni nyingi. Naanzia chini ya miembe, kwenye kivuli cha baridi, matairi yakisema "krr, krr" juu ya majani makavu. Kisha napita msitu wa kando ya mto. Nikibahatika nasikia matawi yakitikisika, naona mbega wekundu wa Tana. Hawa, pamoja na kima wanaoitwa mangabey wa Tana, hawapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa kando ya mto wetu huu. Mtu wa mbali husafiri siku nyingi kuwaona. Mimi husimamisha baiskeli, mguu mmoja chini.

Nikitoka msituni, nchi hufunguka ghafla: mikoma, vichaka, na vumbi la barabara ielekeayo Garsen upande mmoja na Hola upande wa pili. Pepo za asubuhi hunipiga kifuani. Nalia kengele bila sababu. Watoto huitikia "Baiskeliii!" Na kila ninayempita namwamkia, kwa kuwa juu ya baiskeli huendi kasi ya kumkosea mtu adabu. Kwenye gari salamu hubaki nyuma ya kioo.

Baba hakupendezwa. "Baiskeli ni ya kazi," alisema. "Hubeba ndizi, hubeba madumu ya maji, hubeba mgonjwa. Wewe waenda wapi?"

"Natembea tu, baba."

"Matembezi hayajazi sufuria."

Nilimweleza kwamba Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa na Mkenya David Kinjah, alishinda mashindano ya Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Baba akanitazama, akauliza: "Huyo naye nyuma alipakia ndizi?" Nikanyamaza. Ama kweli, mkubwa hashindwi kwa maneno.

SIKU YA MWIBA

Jumamosi moja ya kiangazi nilijitia ujasiri, nikapita mwisho wa njia yangu ya kawaida. Mama alikuwa amenikanya. Sisi Wapokomo ni wakulima, majirani zetu Waorma ni wafugaji, na sote twategemea mto mmoja. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 kulitokea mapigano kule Tana Delta, watu zaidi ya mia moja wakafa. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, na hayakuwa kijijini kwetu, lakini hofu haina mpaka. Tangu hapo kuna vijia ambavyo mama havipendi.

Nikiwa huko nikasikia "psss!" Mwiba wa mathenge. Msomaji wa mbali, mathenge ni mti ulioletwa katika nchi yetu kavu, ukapandwa sehemu za kwetu miaka ya mwanzo ya 1980 ili utupatie kuni na kuzuia jangwa. Ukatupatia kuni na miiba pia, ukasambaa kuliko ulivyotakiwa. Sikuwa na pampu wala kiraka. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nikashuka, nikaanza kusukuma.

Mara nikaona vumbi, kisha ng'ombe, kisha mzee wa Kiorma na mjukuu wake wakielekea mtoni. Moyo ulinidunda kama ngoma. Nikakumbuka kwamba salamu ni ngao ya kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akaitazama baiskeli, akatabasamu. "Leo punda amemchosha bwana wake."

Punda! Nikalikumbuka tandiko la babu fundi, nikacheka kicheko cha kweli, hofu ikapungua. Mzee akauvuta mwiba kwa kucha. Mjukuu wake, kijana wa rika langu, akaniuliza, "Hujui dawa yake?" Akalegeza tairi upande mmoja, tukautoa mpira wa ndani. Halafu akamwendea punda wao halisi, ambaye mgongoni alikuwa na furushi la nyasi kavu. Akamtazama babu yake. Mzee alinyamaza kidogo.

"Hizo ni za ndama," akasema. "Lakini mpe. Leo ale punda huyu."

Tukazishindilia nyasi ndani ya tairi mpaka likawa gumu, tukalirudisha mahali pake. Mjukuu huyo aliniambia wao hufanya hivyo kila mara wakiwa mbali na fundi.

Nataka msomaji unielewe hapa. Ilikuwa kiangazi. Nyasi za kiangazi kwetu si takataka. Nyasi na maji ndiyo mambo yanayowatia watu mashakani. Na mzee yule alimpa mtoto wa mkulima, asiyemjua hata jina, chakula cha ndama wake ili afike nyumbani.

Nilirudi polepole, gurudumu likienda kama bata. Nilimweleza baba kila kitu, pamoja na kosa la kumwasi mama. Nilitarajia fimbo. Baba aliitoa ile nyasi tairini, akaishika mkononi kwa muda mrefu. Jumamosi iliyofuata, nilipokwenda kuomba baiskeli, nilikuta chane mbili za ndizi zimefungwa kwenye keria.

"Mpelekee mzee," akasema. "Na upite kwa fundi kwanza, akupe viraka. Tena usirudi jioni."

Mama alinitazama, hakusema kitu, akanipa chupa ya maji.

MAFUNZO

Ndugu mwanachama, kutokana na hayo nimejifunza mambo matatu. Kwanza, Kiswahili hakiko kitabuni peke yake. Kiko kwa fundi, kwa mchungaji na njiani. Pili, neno moja unaloshirikiana na mtu laweza kukupa rafiki. Kama nisingalijua tandiko, utani wa mzee ungalinipita nikabaki na hofu yangu. Tatu, matembezi si upotevu wa wakati. Umoja wa Mataifa wenyewe uliitenga tarehe 3 Juni, kuanzia mwaka 2018, kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Ukiwa na baiskeli, itoe siku hiyo. Ukiwa huna, omba ya jirani, lakini uirudishe na upepo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Andika kwa wingi: Usukani wa baiskeli umepinda na mnyororo wake umekatika.
2. Tunga sentensi tatu zinazoonyesha maana tofauti za neno panda.
3. Geuza katika kauli ya kutendwa: Mwiba umetoboa tairi.
4. Muulize fundi wa karibu nawe majina matano ya vifaa vyake, kisha yaweke katika ngeli.
5. Kitendawili! (Tega.) Akienda hasimami, akisimama peke yake huanguka. Nani huyo?

Jibu la swali la tano usilitafute mbali. Umekuwa ukilisoma tangu mwanzo. Na yale mengine mpelekee mwalimu. Mimi insha yangu ya pili nilipata kumi na tano kwa ishirini. Alama tano zilizobaki bado nazifuata, kwa baiskeli.