Uvimbe Ubongoni kwa Mwenye VVU: Siku 14 Kabla ya Kuamua Kutoboa Kichwa

Kichwa kinauma wiki nzima na dawa za kutuliza maumivu hazisaidii. Kisha mkono mmoja unalegea, maneno yanavurugika, au mgonjwa anaanguka kifafa ilhali hakuwahi kuwa nacho. Jamaa wengi hudhani ni kiharusi, wengine husema amerogwa, na siku zinapotea. Kwa mtu anayeishi na VVU, hasa aliyeacha dawa, hizo ni dalili za kumkimbiza hospitalini siku hiyo hiyo, iwe ni Moi mjini Voi, Wesu, Mwatate au Taveta.

Picha ya kichwa ya CT huonyesha kama kuna uvimbe ubongoni, lakini haisemi jina la ugonjwa. Unaweza kuwa toksoplazima, kimelea kinachoenezwa na kinyesi cha paka na nyama isiyoiva vizuri. Watu wengi wanacho mwilini bila kujua, kimelala tu. Chembe za CD4 zikishuka chini ya 100 huamka na kushambulia ubongo. Unaweza pia kuwa kifua kikuu, ambacho licha ya jina lake hakikai kifuani pekee. Au ni limfoma, aina ya saratani. Kwenye picha, magonjwa haya hufanana.

Njia ya kupata jina kwa uhakika ni biopsi. Daktari wa upasuaji wa ubongo hutoboa tundu dogo kwenye fuvu, hupitisha sindano akiongozwa na picha, na kutoa kipande kidogo sana cha kupimwa kwa darubini. Kichwa hakipasuliwi chote, kama wengi wanavyohofia. Hata hivyo, hatari ipo: damu inaweza kuvuja ndani ya ubongo, na mara nyingine kipande kilichotolewa hakitoi jibu. Aidha, si kazi ya kila hospitali. Kutoka Voi hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ni zaidi ya kilomita 300.

Ndiyo maana madaktari huanza na toksoplazima, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi na inatibika kwa vidonge. Hapa nchini mara nyingi hutumika Septrin kwa kipimo kikubwa kuliko kile cha kujikinga, kwa hiyo si dawa ya kujipimia nyumbani. Mwenye toksoplazima kwa kawaida huanza kupata nafuu kati ya siku 7 na 14, na nafuu hiyo ndiyo kipimo chenyewe. Asipopata nafuu, au akizidiwa, ndipo biopsi inapozungumziwa. Wakati huo jina la ugonjwa lina uzito: kifua kikuu cha ubongo hutibiwa kwa miezi 12, na limfoma huhitaji dawa za saratani au mionzi.

Jamaa wana kazi kubwa hapa. Daktari akiuliza, "Amekuwa akimeza dawa?" aibu huwafanya wengi wajibu ndiyo. Jibu hilo si la kumfurahisha daktari. Mtu aliyekuwa akimeza Septrin ya kujikinga kila siku hana uwezekano mkubwa wa kuwa na toksoplazima, kwa hiyo daktari atafikiria mapema magonjwa mengine, na pengine biopsi. Aliyeacha dawa miezi sita iliyopita ni habari nyingine kabisa. Uongo mdogo wa kificho unaweza kumpeleka mgonjwa Nairobi kutobolewa kichwa bila sababu, au kumnyima dawa ambayo ingemwinua. Siri ya hali yake inalindwa na sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2006.

Jambo lingine ni dawa za kupunguza uvimbe, ambazo baadhi ya watu hununua dukani. Zinaweza kunywesha limfoma kwa muda, familia ikadhani mgonjwa amepona toksoplazima, na hata biopsi ikakosa kuonyesha ugonjwa. Kama alishazipata popote, daktari aambiwe.

Mgonjwa akipewa rufaa, abebe kadi ya kliniki, majibu ya mwisho ya CD4 na ya kiwango cha virusi, picha ya CT yenyewe pamoja na ripoti yake, na karatasi iliyoandikwa tarehe aliyoanza kila dawa. Siku zile 14 huhesabiwa kutoka tarehe hiyo.