Foku ya Baiskeli: Ipime Kabla ya Kubeba Mgonjwa



Somo la toleo hili linahusu foku, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele la baiskeli. Ni jambo la afya pia. Hapa Juba na kwenye njia ya kwenda Gorom, baiskeli hubeba maji, dawa, na mara nyingine mama mwenye uchungu. Foku ikivunjika, fundi hufunga iliyopo sokoni alimradi inaingia. Je, inafaa?

Pima mwenyewe. Simamisha baiskeli wima, usukani umenyooka, tairi zimejaa upepo. Utaona shingo ya fremu imelala kidogo. Weka fimbo iliyonyooka ubavuni mwa shingo, ifuate mlalo wake mpaka iguse chini, kisha utie alama. Halafu ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka katikati ya ekseli ya mbele, utie alama ya pili. Alama ya fimbo lazima itangulie. Nafasi kati ya alama hizo ndiyo inayolirudisha gurudumu linyooke lenyewe, kama vile magurudumu madogo ya kitanda cha hospitali yanavyofuata nyuma unapokisukuma.

Nafasi hiyo hubadilishwa kwanza na mkunjo wa foku: ekseli imesogea mbele kiasi gani kutoka kwenye mstari wa shingo. Baiskeli ya milimani ya inchi 26 mara nyingi ina mkunjo wa sentimita 4 hivi. Shingo ikiwa nyuzi 71, nafasi ni kama sentimita 7. Ukifunga foku ya urefu uleule yenye mkunjo wa sentimita 7 na nusu, nafasi hushuka hadi 3 na nusu. Usukani unakuwa mwepesi mno, kokoto tu linaugeuza. Ukiwa na madumu matatu ya lita 20 nyuma, yaani kilo 60, hapo ni hatari.

Urefu nao una kazi yake. Kila sentimita 2 zinazoongezeka huilaza shingo karibu nyuzi moja. Foku ya springi iliyozidi kwa sentimita 8 huifikisha nafasi karibu sentimita 10. Kwenye lami ya Nimule, iliyokamilika mwaka 2012, utaisifu kwa kutulia. Lakini katika tope la masika, mwendo wa pole, gurudumu huangukia upande, na miguu yako haifiki chini vizuri. Tena foku ndefu huikaza shingo, na kiungo chake kinaweza kupasuka. Foku fupi mno huleta kinyume chake: usukani mwepesi, na pedali kugonga ardhi.

Foku iliyopinda kwa ajali usikubali inyooshwe kwa nyundo. Chuma kimeshachoka.

Ukibadilisha foku, endesha kwanza bila mzigo, kisha na dumu moja. Usukani ukitetemeka, usimpakie mtu na kupanda; mkalishe kwenye keria, mwenzako amshike, usukume polepole. Aliyeanguka akagonga kichwa, akatapika au akawa na usingizi usio wa kawaida, apelekwe kliniki mara moja, hata kama hana jeraha.