Likoni Ina Watu Wangapi? Somo kwa Mwanafunzi wa Chuo

Chukua mfano wa mwanafunzi wa chuo anayeishi Bofu na anayeandika mradi wake wa mwisho kuhusu vituo vya afya vya Likoni. Anahitaji idadi ya wakazi. Akiwa saiba, anafungua kurasa mbili: moja inasema 166,008, nyingine 250,358. Tofauti ni watu 84,350, nao huugua kama wengine. Akichukua nambari ndogo, hesabu yake yote ya wagonjwa kwa kila kituo itapotoka.

Ajabu ni kwamba nambari zote mbili ni sahihi. Ya kwanza ni ya sensa ya 2009, ya pili ni ya sensa ya 2019. Aliyenakili ile ya zamani aliacha kutaja mwaka, na waliomfuata wakanakili vivyo hivyo.

Kwa hivyo, nambari yoyote iulizwe kwanza: mwenyewe ni nani, na ilihesabiwa lini? Mwenye sensa ni Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), na ripoti zake husomwa bila malipo kwenye tovuti yake. Ya 2019, juzuu la kwanza, inataja kaunti ndogo zote za Mombasa: Changamwe 131,882, Jomvu 163,415, Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Mvita 154,171 na Nyali 216,577. Zikijumlishwa kwa kalamu na karatasi zinatoa 1,208,333, ambayo ndiyo jumla ya kaunti. Nambari moja ikikosewa, jumla itakataa.

Kuna mtego mwingine ambao wenyeji wenyewe hunaswa nao. Likoni ni jina la eneo bunge, na pia ni jina la wadi moja kati ya tano zilizomo ndani yake. Nyingine ni Mtongwe, Shika Adabu, Bofu na Timbwani. Anayeandika "Likoni" tu hajasema lolote mpaka abainishe ni ipi.

Msaada upo, ila wengi hawauombi. Mkutubi wa chuo ndiye wa kwanza kuendewa. Kazi yake si kupanga vitabu pekee; anajua ripoti ipi iko wapi na majarida yapi chuo kimeyalipia, hivyo mwanafunzi anaweza kuyasoma bila kutoa pesa. Kwa habari inayosambaa kwenye simu, Africa Check, iliyoanzishwa 2012, na PesaCheck, iliyoanza 2016, huchunguza madai na kueleza zilivyofikia uamuzi. PesaCheck huchapisha kwa Kiswahili pia. Programu za akili unde nazo zitumiwe kwa uangalifu: huweza kubuni kitabu, mwandishi na hata nambari ya ukurasa, vyote vikionekana vya kweli. Marejeleo ambayo mwanafunzi hajayafungua na kuyasoma yasiingie katika mradi wake.

Pengine taarifa inayotafutwa haimo mtandaoni kabisa, kwa mfano idadi ya wauguzi katika zahanati fulani. Hapo Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamsaidia. Raia yeyote anaweza kuandika barua kwa ofisi ya umma, ikiwemo ya kaunti, kwa Kiswahili au Kiingereza. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, ingawa gharama ya nakala inaweza kutozwa. Si lazima aeleze sababu. Aseme tu kwa usahihi anachotaka: kituo kipi, mwaka upi, taarifa gani. Barua inayoomba "habari zote za afya Likoni" itarudi na maswali.

Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na inaweza kuongeza siku 14 mara moja tu ikiwa kazi ni kubwa. Ikinyamaza au ikikataa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Utawala wa Haki, inayojulikana zaidi kama Ofisi ya Ombudsman. Basi mwenye mradi wa kukabidhi mwisho wa muhula aandike barua hiyo wiki ya kwanza, abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na siku zihesabiwe kuanzia hapo.