Misuli Bila Nyama: Fahamu Unachohitaji Kabla ya Kununua Unga wa Protini

Wakazi wengi, hasa vijana, sasa wanafanya mazoezi ya kunyanyua vyuma. Miongoni mwao wapo wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa, na swali lao huwa moja: je, ni lazima ninunue virutubisho vya mkebe ili misuli ijengeke? Jibu ni kwamba chakula huja kwanza. Kirutubisho ni cha kuziba pengo, na sharti ulijue pengo hilo kabla ya kutoa pesa.

Piga hesabu ya protini

Mtu mzima wa kawaida huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayejenga misuli huhitaji kati ya gramu 1.4 na 2. Kwa hivyo mwenye kilo 60 anahitaji angalau gramu 84.

Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina takriban gramu 15, cha ndengu 14, na gramu 30 za njugu karanga zina kama 7. Ukila vikombe viwili vya maharagwe, kimoja cha ndengu na gramu 60 za njugu, umefikisha karibu gramu 58. Hapo hatujahesabu ugali, chapati na uji, ambavyo pia vina protini. Pengo linalobaki ni dogo, na kikombe cha soya iliyopikwa, chenye takriban gramu 30, kinaweza kuliziba.

Changanya nafaka na jamii ya kunde. Mahindi yana upungufu wa laisini, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, ilhali maharagwe yanayo kwa wingi. Ndiyo maana githeri ni mlo mzuri kwa anayefanya mazoezi.

Virutubisho vyenye manufaa

• Vitamini B12: Mimea haina vitamini hii ya kutegemewa. Upungufu wake huleta ukosefu wa damu na kudhuru neva. Asiyekula chochote cha mnyama anapaswa kuipata kupitia tembe au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo.

• Kreatini: Hupatikana katika nyama na samaki, hivyo wasiokula vyakula hivyo huwa na akiba ndogo misulini. Gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha. Chagua ya unga, kwa kuwa baadhi ya vidonge hufunikwa kwa jelatini ya wanyama.

• Unga wa protini: Huu husaidia pale ratiba au bajeti ya mlo inapokwama. Tafuta wa soya au wa njegere.

Soma nyuma ya mkebe

1. Chanzo cha protini ni nini? Ukiona "whey" au "casein", hiyo ni protini ya maziwa.

2. Kipimo kimoja kina protini kiasi gani? Kipimo cha gramu 30 chenye protini gramu 24 ni kizuri. Cha gramu 100 chenye protini gramu 20 kimejaa wanga na sukari.

3. Je, kina alama ya ubora ya KEBS? Kwa bidhaa za humu nchini, tuma neno SM# likifuatwa na nambari ya kibali kwenda 20023 ili kuhakikisha alama hiyo si bandia.

4. Je, kinaahidi misuli kwa siku chache? Kiache. Baadhi ya bidhaa za namna hiyo huchanganywa na steroidi zisizoandikwa kwenye lebo.

Wanariadha wawe makini zaidi. Chini ya kanuni za kupambana na dawa za kusisimua misuli, zinazosimamiwa nchini na shirika la ADAK, mwanariadha huwajibika kwa chochote kitakachopatikana mwilini mwake, hata kama hakujua kimo kwenye mkebe. Marufuku ya miaka kadhaa inaweza kuanzia kwa kijiko kimoja.

Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au shinikizo la damu, mama mjamzito na anayenyonyesha, pamoja na aliye chini ya miaka 18, wasianze kutumia bidhaa hizi kabla ya kumwona daktari.

Kwa ushauri zaidi, muone afisa wa lishe katika hospitali au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Nenda na mkebe wenyewe, au picha ya lebo yake, kabla hujaufungua.